LD ya LH2 inapotea kwenye 800 na 850 lakini kwenye 590 ipo: tatizo ni jeli au polaraiza?

Pete_ya_Tisa aliuliza:

Habari zenu wakuu, na shikamooni walionitangulia katika kazi hii.

Nipo kwenye utafiti wa shahada ya uzamili. Mada yangu ni jinsi bakterioklorofili a (pigmenti za kunasa mwanga) zilivyopangwa ndani ya LH2, ile antena ya pembeni ya bakteria wa zambarau. Nakuza Rhodobacter sphaeroides kwenye mwanga bila oksijeni, navunja seli, natenga tando, naziyeyusha kwa sabuni ya LDAO, kisha nasafisha LH2 kwenye safu. Sampuli inaonekana safi. Vilele vya nanomita 800 na 850 vimesimama vizuri, hakuna bega kwenye 770 la bakterioklorofili iliyochomoka kwenye protini, wala sioni mabaki ya LH1, ile antena ya ndani, kwenye 875.

Ninachotafuta ni pigmenti zimelala vipi kulingana na utando. Nachanganya LH2 na akrilamidi, jeli ikishaganda naibana kutoka pande mbili ili irefuke kwenda upande wa tatu, halafu napima ufyonzaji mara mbili: mwanga ukiwa umepolaraizwa sambamba na mwelekeo jeli inakorefukia, na tena ukiwa umekingama nao. Nikitoa cha pili kwenye cha kwanza napata dikroizimu ya mstari, LD = A∥ − A⊥. Spektromita ni ile ya kawaida ya ufyonzaji. Polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) ni ya filamu, imewekwa kwenye fremu inayozunguka mbele ya sampuli.

Shida yangu ni hii. Kwenye 590, ulipo mpito wa Qx (mmoja wa mielekeo miwili ambayo bakterioklorofili inafyonzia mwanga; mwingine, Qy, ndio wa 800 na 850), napata LD hasi iliyo wazi kabisa. Eneo la karotenoidi, kati ya 430 na 520, nalo lina LD ndogo inayojirudia kila nikitengeneza jeli mpya. Lakini kwenye 800 na 850, ambako nilitarajia makubwa zaidi, A∥ na A⊥ zinalaliana kama mstari mmoja. Msimamizi wangu anaona jeli haikubanwa vya kutosha, kwa hiyo pete hazikupangika. Mimi najiuliza: kama hazikupangika, ile ya 590 inatoka wapi?

Nina mengine mawili yanayonisumbua. Nilichukua jeli ileile iliyobanwa nikaiweka kwenye mashine ya dikroizimu ya duara, CD (tofauti ya ufyonzaji wa mwanga wa duara la kushoto na la kulia). Ikatoka ishara kubwa mno karibu na 850, na nikiilaza kuveti ubavu, alama inageuka kutoka chanya kuwa hasi. Halafu nimepima anisotropi ya fluoresensi (kiasi ambacho mwanga unaotoka bado unakumbuka mwelekeo wa ulioingia) ya LH2 ikiwa kwenye bafa tu, bila jeli, kwa fluorimita yenye prizma zake. Nachochea kwenye 800 na kupokea kwenye 870, napata 0.1. Vitabu vinasema thamani ya mwanzo ni 0.4 na molekuli kubwa kama hii haizunguki haraka kiasi cha kuishusha. Je, nako kuna kitu kibovu?

Naombeni msaada. Sitaki kuandika pembe kwenye tasnifu ambazo baadaye nitashindwa kuzitetea.

---

Fundi_wa_Prizma alijibu:

Dada, kabla hujagusa jeli, chunguza hiyo filamu. Filamu nyingi za plastiki yenye iodini zimetengenezwa kwa ajili ya mwanga unaoonekana. Zinachuja vizuri hadi karibu na nanomita 750, na zaidi ya hapo zinaanza kupitisha mielekeo yote miwili. Kwa jicho huwezi kugundua, maana kwa jicho inaonekana inafanya kazi barabara.

Chukua filamu mbili, zikingamishe, uziweke kwenye spektromita bila sampuli, upime kutoka 450 hadi 900. Sehemu ambayo ufyonzaji unaporomoka, hapo huna polaraiza. Una kioo.

---

Nuru_Mshazari alijibu:

Pete_ya_Tisa, marahaba. Umeuliza vizuri, na umetoa maelezo ambayo wengi huyaacha, ndiyo maana naweza kukujibu kwa kirefu. Nimefanya kazi ya kubana jeli na kupima LD ya antena kwa miaka mingi na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote maabara.

Fundi yuko sahihi, na wewe mwenyewe umeshaleta ushahidi bila kujua. Tazama ule upimaji wa CD. Mashine ya CD ina prizma yake na modulata yake ya fotoelastiki, yaani kipande cha silika kinachotetemeshwa kwa takriban kilohezi 50, kikibadilisha mwanga kati ya duara la kushoto na la kulia. Kwenye sampuli isiyo na mwelekeo, kinachobaki ni CD tupu. Lakini modulata hakuna iliyo kamilifu. Kuna mkazo kidogo ndani ya kioo chake, kwa hiyo sehemu ndogo ya mwanga wa mstari inapita pamoja na wa duara. Ukiweka sampuli iliyopangika, LD yake inaingia kupitia mlango huo na kujifanya CD. LD inaweza kuwa kubwa mara mia au zaidi kuliko CD, kwa hiyo hata uvujaji mdogo unaizamisha CD yote.

Dalili yake ndiyo hiyohiyo uliyoiona: ukizungusha sampuli robo duara kuuzunguka mwale, LD inageuka alama, CD ya kweli haigeuki. Sasa fikiria maana yake. Ishara uliyoiona karibu na 850 ilikuwa LD. Kwa hiyo LD ya 850 ipo, ni kubwa, na pete zako zimepangika! Mashine yenye prizma inayofanya kazi kwenye infraredi imeiona, na spektromita yenye filamu haikuiona. Mwonyeshe msimamizi wako hivyo vipimo viwili kwenye ukurasa mmoja.

Lakini zile namba za CD kutoka kwenye jeli iliyobanwa zisiingie kwenye tasnifu. CD ya LH2 pima kwenye bafa, ufyonzaji wa 850 uwe chini ya 1, na uhakikishe kitambuzi cha mashine kinaona huko. Mirija mingi ya kukuza fotoni inapoteza nguvu ikikaribia 850 au 900, na unachokiona baada ya hapo ni kelele iliyolainishwa na programu. Kitambuzi cha silikoni kinafaa zaidi kwa eneo lenu.

Sasa niende kwenye LD yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

LH2 ina umbo la pete ya vipande tisa. Muundo wa fuwele wa LH2 ya bakteria aliyekuwa akiitwa Rhodopseudomonas acidophila ulichapishwa 1995, na ndani yake kuna bakterioklorofili 27. Kumi na nane zimesogeleana kwenye pete moja, ndizo B850. Tisa zimeachana, ndizo B800. B850 zimesimama: bapa la molekuli limesimama wima juu ya utando. B800 zimelala karibu sambamba na utando. Hata hivyo, mpito wa Qy katika makundi yote mawili uko karibu kabisa na bapa la utando. Kinachotofautiana ni Qx. Qx ya B850 inaelekea wima, kufuata mhimili wa pete, wakati Qx ya B800 imelala na utando.

Weka hayo kichwani kisha ubane jeli. Pete ni sahani. Jeli ikirefuka, sahani zinajigeuza ili bapa lake lifuate mwelekeo huo. Mpito wowote ulio ndani ya bapa utafyonza zaidi mwanga ulio sambamba na mrefuko, na LD yake ni chanya. Mpito ulio wima juu ya bapa utatoa LD hasi. Ndiyo maana 590 yako ni hasi: Qx za B850 ni nyingi kuliko za B800 na zinazishinda. Na ndiyo maana 800 na 850 lazima ziwe chanya, tena kubwa. Ukizipata hasi, umekosea ama kuita sambamba ni ipi na kukingama ni ipi, ama umepima jeli upande mwingine.

Karotenoidi inavuka utando kwa mshazari. Mshazari huo ndio unaoifanya LD yake iwe ndogo, kwa sababu inausogelea ule mwinuko wa nyuzi 54.7 ambapo LD inakuwa sifuri hata sampuli ikiwa imepangika kikamilifu. Utaipata pembe hiyo ndani ya mlinganyo wenyewe:

LD / A = (3/2) · S · (3cos²α − 1)

A hapa ni ufyonzaji wa sampuli isiyo na mwelekeo, α ni pembe kati ya mpito na mhimili wa pete, na S ni kiasi ambacho pete zimepangika. Kwa sahani, S ni hasi, kwa sababu mhimili unaukwepa mwelekeo wa mrefuko. Ikifika mwisho wake kabisa ni −0.5, na hapo mpito ulio ndani ya bapa unatoa LD/A ya 0.75. Jeli halisi haifiki huko. Zingatia pia kwamba mlinganyo huu unadai jeli ibanwe sawasawa kutoka pande mbili, kama unavyofanya. Anayeibana upande mmoja tu huku mwingine ukizuiwa na kuta anahitaji mlinganyo mwingine.

Wengi wanakwama kwenye S. Wanaikisia kutokana na jinsi jeli ilivyobanwa, kisha wanatoa pembe yenye desimali mbili. Mimi siikubali pembe ya namna hiyo. Kwenye LH2 huna haja ya kukisia, kwa sababu pete inakupa rula yake yenyewe. B850 kumi na nane zimeungana kwa nguvu kiasi kwamba msisimko hauko kwenye molekuli moja, umeenea kwenye pete. Kwa ulinganifu wa pete, mipito miwili inayobeba karibu nguvu yote ya 850 lazima ilale ndani ya bapa, pembe 90 na mhimili. Basi chukua LD/A ya 850, iite kipimo cha 90, halafu gawa LD/A za vilele vingine kwa hiyo. S inafutika, kwa sababu pete ni ileile. Kwa mfano, ukipata kilele ambacho uwiano wake na 850 ni 0.5, basi 3cos²α − 1 = −0.5, cos²α ni 1/6, na α ni karibu nyuzi 66.

Na usidharau alama tupu. Katika miaka ya 1980, kabla ya muundo wa fuwele kupatikana, watu walishajua kutokana na LD kwamba Qy za B800 na B850 ziko kwenye bapa la utando na kwamba Qx ya 590 kwa sehemu kubwa imesimama wima. Walitumia jeli kama yako na mwanga. Nikifundisha wanafunzi napenda kuanzia hapo: alama kwanza, pembe baadaye.

Tatu, anisotropi. Mdogo wangu, 0.1 si ubovu. Ni namba ya pete. Ile 0.4 ni ya molekuli moja inayofyonza na kutoa kwa mpito uleule. Kwenye LH2, nishati inayofyonzwa na B800 inahamia B850 kwa muda wa karibu pikosekunde moja, na ndani ya B850 mwelekeo unachanganyika kuizunguka pete nzima kwa muda mfupi zaidi, kabla hata fotoni haijafikiria kutoka, maana maisha ya fluoresensi ni kama nanosekunde moja. Kwa hiyo mwanga unatoka ukiwa umesahau kila kitu isipokuwa bapa. Wastani wa cos² ndani ya bapa ni nusu, P₂, yaani (3cos² − 1)/2, inakuwa robo, na 0.4 mara robo ni 0.1. Umeipata barabara.

Ukitaka kujiridhisha, chochea kwenye 590 badala ya 800. Qx ya B850 imesimama wima, mwanga unaotoka umelala kwenye bapa, kwa hiyo B850 peke yake ingetoa −0.2. B800 zinavuta kuelekea +0.1. Jumla itakuwa katikati, lakini ikishuka chini ya sifuri utakuwa umeona kwa fluoresensi kitu kilekile ulichokiona kwa LD, kwa sampuli isiyobanwa hata kidogo. Mimi naona hakuna uthibitisho mzuri kuliko njia mbili zisizotegemeana zinapokutana.

Kabla sijaacha, mambo ya spektromita. Gretingi ya monokromata inapolaraiza mwanga yenyewe, tena kwa kiwango kinachobadilika na urefu wa wimbi. Ukizungusha polaraiza, unabadilisha pia kiasi cha mwanga kinachofika. Kwa hiyo pima msingi kwa kila mwelekeo wa polaraiza ukitumia jeli tupu iliyobanwa vilevile, au acha polaraiza imesimama na uzungushe sampuli. Na wakati wa kugandisha jeli, iweke kwenye barafu gizani na persalfeti (kianzishi cha kugandisha jeli) iwe kidogo iwezekanavyo. Joto na persalfeti vinakula bakterioklorofili, na utaona 770 ikiota wakati sampuli ilikuwa safi.

---

Klorobi740 alijibu:

Naongeza kutoka upande wa bakteria wa kijani, ambako mwanga uliopolaraizwa unafanya kazi nzuri lakini mitego ni mingine.

Mimi nafanya klorosomu za Chloroflexus aurantiacus. Ni mifuko mirefu yenye bakterioklorofili c zilizojipanga zenyewe, karibu bila protini ya kuzishika. Kwenye methanoli bakterioklorofili c inafyonza karibu na 670, kwenye klorosomu inakwenda 740. Kwa kuwa klorosomu ni ndefu, jeli ikirefuka inazipanga kwa urefu, S ni chanya, na Qy ya 740 inatoa LD chanya kubwa, maana mpito umelala karibu na mhimili mrefu. Kwa hiyo ndugu zangu, alama chanya kwangu na alama chanya kwa LH2 zina maana mbili tofauti kabisa. Jua kwanza umbo la kitu unachokibana.

CD ya klorosomu ndiyo iliyonichosha. Kwenye maandalizi tofauti ya bakteria yuleyule, umbo na hata alama ya CD ya 740 vinaweza kubadilika, wakati ufyonzaji unafanana. Hii imeripotiwa muda mrefu. Kwa hiyo mtu akiniletea CD ya klorosomu ya andalizi moja na kuchora muundo mzima kutokana nayo, namwomba alete ya andalizi jingine. LD iko imara zaidi.

Halafu ukubwa wa chembe. Klorosomu zikishikana zinatawanya mwanga, na mtawanyiko unaweka mkia kwenye CD nje ya eneo la ufyonzaji. Angalia 820 hadi 850 kwenye sampuli yako: kama pigmenti haifyonzi pale na CD haijarudi sifuri, hiyo ni mtawanyiko. Kwenye LH2 iliyoyeyushwa vizuri na sabuni hutaiona, lakini kwenye tando nzima utaiona.

Swali kwa Nuru_Mshazari: kwa nini asitumie tando nzima badala ya LH2 iliyotengwa? Angeondokana na mashaka ya sabuni.

---

Nuru_Mshazari alijibu:

Ndugu Klorobi740, nakubaliana na hilo la maandalizi tofauti kwa moyo wote.

Kuhusu tando: R. sphaeroides wa kawaida anajaza seli kwa vifuko vya mviringo vya makumi machache ya nanomita. Tufe halina upande mrefu. Likibanwa linapondeka kidogo na linatoa LD, lakini ndogo, na S inatokana na kupondeka, jambo gumu kulikadiria. Anayetaka tando zinazopangika vizuri achukue Blastochloris viridis, ambaye tando zake ni bapa na zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Ila huyo ana bakterioklorofili b, na LH1 yake iko nje kabisa karibu na 1015, silikoni inaanza kuchoka huko. Au achukue R. sphaeroides asiye na LH2, ambaye anaweza kutengeneza tando za mirija mirefu. Lakini hapo LH2 yenyewe, ambayo ndiyo swali la dada, haipo. Kwa swali lake, pete zilizotengwa ndizo sahihi.

---

Pete_ya_Tisa alijibu:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya mliyosema.

Filamu mbili zilizokingamishwa: kutoka 450 hadi karibu 730 hazipitishi karibu kitu. Baada ya hapo zinafunguka, na kwenye 850 ni kama hazipo. Nimeazima prizma mbili za kalsaiti aina ya Glan-Taylor kutoka maabara ya optiki. Zikikingamishwa zinafunga eneo lote hadi 900.

Jeli ileile, sijaibana tena wala kuigusa. LD ya 850 ni chanya na ndiyo kubwa kuliko zote, 800 chanya, 590 hasi kama mwanzo. Msimamizi ameangalia kipimo cha filamu na cha prizma kwa pamoja, akasema tuendelee na jeli hizihizi.

Nimechochea pia kwenye 590, kupokea 870. Anisotropi inashuka na kuvuka sifuri kwenda hasi hapo hapo kwenye kilele cha Qx, kisha inapanda tena pembeni. Nilipoiona nilimwita kila aliyekuwa karibu aje atazame.

CD kwenye bafa nayo imetoka: kwenye 850 kuna jozi ya chanya na hasi, na inapovuka sifuri si kwenye kilele cha ufyonzaji, ni mbele yake kidogo upande wa mawimbi marefu. Nikilaza kuveti haibadiliki.

Limebaki moja. LD/A ya 800 ukigawanya kwa ya 850 napata 0.9, na jeli mbalimbali zinanipa kati ya 0.85 na 0.95. Naweza kuandika pembe ya B800?

---

Nuru_Mshazari alijibu:

Hongera sana. Hiyo CD inayovuka sifuri mbele ya kilele ni tabia inayojulikana ya B850, na ni alama ya molekuli zilizoungana kwenye pete, si za molekuli moja moja. Iweke kwenye tasnifu pamoja na CD ya sampuli uliyoivunja kwa aseton na methanoli, ambapo bakterioklorofili zimetawanyika na kilele kimerudi karibu na 770. Msomaji ataona jozi ile imetoweka na ataelewa bila maneno mengi.

Kuhusu pembe: 0.9 inakupa 3cos²α − 1 = −0.9, cos²α = 0.033, yaani karibu nyuzi 79.5. Lakini weka pia mipaka yako. 0.85 inatoa 77. 0.95 inatoa karibu 82.6. Ukikaribia 90 mlinganyo huu unakuwa mkali kwa namna hii: tofauti ndogo ya uwiano inahamisha pembe nyuzi kadhaa, kwa sababu cosine ya pembe kubwa ni ndogo na sisi tunaitafuta kutoka kwenye mraba wake. Mtu aliyepata uwiano wa 1.0 na aliyepata 0.95 wametofautiana kwa asilimia tano tu, ila kwenye pembe wametofautiana zaidi ya nyuzi saba.

Kuna jambo la pili linalokula uwiano huo. Chini ya kilele cha 800 kuna mkia wa B850 upande wa mawimbi mafupi, kwa hiyo A unayogawanya nayo si ya B800 peke yake. Mkia huo nao una LD yake. Jaribu kuchora kilele cha B800 kwa kutenganisha, na uone uwiano unahama kiasi gani. Usipohama nje ya 0.85 na 0.95, uko salama.

Basi andika hivi: mpito wa Qy wa B800 uko kati ya nyuzi 77 na 83 kutoka kwenye mhimili wa pete, ikichukuliwa kwamba B850 iko kwenye 90. Hilo la "ikichukuliwa" lisikosekane, na kwenye sura ya mbinu eleza kwa sentensi mbili kwa nini ulinganifu wa pete unaliruhusu. Kwa 590 usitoe pembe moja, kwa sababu ni mchanganyiko wa Qx za aina mbili; toa alama na useme ya nani inatawala.

Kama una nafasi kwenye kifaa cha baridi, rudia kwenye kelvini 77. Vilele vinakuwa vyembamba na B800 inajitenga na mkia wa B850 vizuri zaidi. Jeli iwe na gliseroli ya kutosha, asilimia 60 au zaidi kwa ujazo, uiweke kabla ya kugandisha jeli, la sivyo itapasuka na kuwa nyeupe.

---

Pete_ya_Tisa alijibu:

Nimeelewa, mwalimu. Gliseroli ninayo. Naanza kutenganisha mkia wa B850 leo, na nikipata vipimo vya kelvini 77 nitaviweka hapa ili na wengine wavilinganishe na vyao.

---

Fundi_wa_Prizma alijibu:

Ukipeleka prizma kwenye kifaa cha baridi, kumbuka madirisha yake. Vioo vikipoa vinakaza na kupata mkazo, na mkazo unageuza polaraizesheni ya mwanga kabla haujafika kwenye jeli. Weka polaraiza moja kabla na moja baada ya kifaa, bila sampuli, uzikingamishe, kisha upoze hadi 77 uone kama bado zinafunga.